Kabla hujapanda kitandani kwa daktari

Mwanangu,

Jana kwenye simu ulizunguka mbuyu mpaka salio likakaribia kuisha, ndipo ukasema: "Baba, wameona kitu." Mlikwenda kutafuta mtoto, mkarudi na uvimbe wa milimita tisa kwenye korodani. Mimi na wewe hatujawahi kuzungumza mambo ya chini ya kitovu, kwa hiyo naandika. Kwenye karatasi aibu hainishiki sana.

Uvimbe mdogo hivyo, usioshikika kwa vidole hadi ultrasaundi iuone, mara nyingi si saratani. Lakini usiupuuze. Wanaume wenye shida ya uzazi hupata saratani ya korodani zaidi ya wengine, na vipimo vya damu yako kuonekana safi hakumalizi shauri.

Ninalokusihi ni hili: usikubali kukimbizwa. Umesema mbegu zako ni chache. Basi hizo hizo chache zihifadhiwe kabla ya kisu. Hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na hukaa miaka. Hata zisipoonekana kabisa kwenye manii, mpasuaji anaweza kuzitafuta kwa hadubini ndani ya korodani yenyewe, katika upasuaji huo huo. Hilo lipangwe mapema, maana wataalamu wa maabara lazima wawe wamejiandaa siku hiyo.

Kisha muulize mpasuaji kama anaweza kuondoa uvimbe tu, korodani ibaki. Hupasua kinenani, si kwenye mfuko, akatoa uvimbe na kuupeleka patholojia, maabara inayochunguza nyama ya mwili, wewe ukiwa bado usingizini. Wakiona si saratani, korodani hurudishwa mahali pake. Wakiona ni saratani na korodani ya pili ni nzima, kwa kawaida huondoa korodani nzima yenye uvimbe. Ikifika hapo, mwanangu, waache waiondoe. Nakutaka wewe kwanza, mjukuu baadaye. Ya pili ikiwa nzima, homoni kwa kawaida hutosha na ndevu zako zitabaki zilivyo (najua hukuuliza, lakini ungeliwaza).

Mkeo umemwambia? Hukunijibu. Mwambie leo, maana kuhifadhi mbegu ni shauri lake pia.

Siku ya kumwona mpasuaji nitakuja. Nitakaa nje kwenye benchi, na maswali haya nitakuwa nimeyaandika kwa herufi kubwa, endapo ulimi utakukauka.

Baba yako