Kulwa mwanangu, kapime damu kwanza

Nyegezi, Mwanza

Kulwa mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Baba yako mguu umepata nafuu, Doto alipita Jumapili na watoto wake, na Masanja amemaliza mwezi mzima bila kulazwa, tunamshukuru Mungu.

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza na baba yako, halafu nikausikiliza tena peke yangu. Kumbe umeshalipa awamu ya kwanza, na mwezi wa kumi unakwenda Nepal na kundi lenye mwongozaji, mpaka kambi ya chini ya mlima Everest. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unaniwahi na "mama, usiwe na wasiwasi", basi najikuta nimekata simu na maneno yangu yako palepale kooni.

Ujue kwanza kwamba sikuzuii. Mjomba wako ndiye amenishangaa. Anasema mtu anaachaje Kilimanjaro yetu yenye mita 5,895, aende kulipa mamilioni kufika mahali penye mita 5,364? Nikamwambia mbona Wilfred Moshi alikuwa mwongozaji hukohuko Kilimanjaro, na mwaka 2012 akaenda kufika kilele cha Everest chenyewe? Mtu ana haki ya kutamani kuona milima ya wenzake. Nimesoma kwamba ukiwa pale kambini kilele hukioni, milima mingine inakikinga, ndiyo maana watu hupanda kilima kinachoitwa Kala Patthar, zaidi ya mita 5,500, ili wakione. Natamani ukione, Kulwa. Nasema kweli.

Lakini swali la mjomba limenifanya nifikiri, maana najua wewe unasema moyoni, "Kama Kilimanjaro nilifika, huko si chini zaidi?" Kilimanjaro mlipita njia ya Marangu. Ulilala Mandara, ukalala Horombo, Kibo ukafika jioni, usiku wa manane mkaamshwa kwenda kileleni, na kesho yake usiku ulikuwa umerudi kulala Horombo, mita 3,720. Kule juu kabisa ulikaa muda wa kupiga picha. Na hapo Kibo ulitapika, ulinisimulia mwenyewe. Huko Khumbu, eneo la Everest, unalala juu, unaamka juu, unakula juu. Lobuche ni karibu mita 4,940, Gorak Shep ni zaidi ya 5,100. Mwili haupewi nafasi ya kushuka ukapumua. Na mtu ambaye mwinuko ulishamsumbua mara moja ana uwezekano mkubwa wa kusumbuliwa tena. Usiihesabu safari ile kama kinga.

Tena sisi tuliozaliwa kandokando ya ziwa hili angalau tuko mita 1,134 juu ya bahari. Wewe umekaa Dar miaka yote hii, umeshakuwa mtu wa pwani. Pale kambini hewa inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayovuta hapo Dar.

Sasa nije kwenye ratiba uliyonitumia. Nimekaa nayo mezani na kalamu kama nilivyokuwa nikikaa na chati za wagonjwa. Namche wanawalaza usiku mbili, hapo wamefanya vizuri. Kutoka Namche, mita 3,440, mnakwenda Tengboche, 3,860. Kesho yake Dingboche, 4,410. Na kesho yake tena, bila kupumzika, Lobuche. Kulwa, hapo siku imekatwa. Kanuni ya madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiku unaofuata usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne mwili upewe siku ya kutulia. Makundi mengi hulala Dingboche usiku mbili. Mchana wanapanda kilima cha karibu, jioni wanarudi kulala palepale, ili mwili uzoee. Hilo kundi lako bei yake ni nafuu kwa sababu ya siku hiyo moja. Waandikie, waambie unaitaka. Wakikataa, tafuta wengine, na hela ya tofauti nitakuongezea. Pia acha siku mbili tupu kabla ya ndege yako ya kurudi. Ndege za Lukla, uwanja mdogo wa milimani mnakoanzia kutembea, hali ya hewa ikichafuka haziruki, na njia ya kurukia pale ni mita 527 tu, rubani halazimishi.

Jambo lililoninyima usingizi lakini ni damu yako.

Masanja ana selimundu. Maana yake mimi na baba yako wote wawili tumebeba urithi wa ugonjwa huo bila kuumwa, ndiyo kusema sote ni AS. Doto alipopimwa akiwa na mimba ya kwanza alionekana AS. Wewe na Doto ni mapacha msiofanana, kwa hiyo majibu yake si majibu yako, na wewe tangu uhamie Dar umekuwa ukiahidi tu kupima. Kwa wazazi kama sisi, mtoto ambaye si mgonjwa ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa amebeba. Hapa chini AS haikusumbui, unaweza kuzeeka nayo usijue. Juu mlimani ni habari nyingine. Oksijeni ikipungua sana, chembe nyekundu zinaweza kujikunja hata kwa mtu wa AS, zikaziba mishipa ya bandama, na sehemu ya bandama ikafa. Si wengi wanaopatwa, na watu wa AS wanapanda milima wakarudi salama. Ila anayepatwa husikia maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu, na mwenzake asiyejua chochote atamwambia ni gesi, ni dali na wali wa jana.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujalipa awamu ya pili, nenda kapime. Usikubali kile kipimo cha haraka peke yake. Sema unataka kile kinachotenganisha aina za hemoglobini, kinachokuambia wewe ni AA, yaani hukubeba, au AS. Ukiwa AA, nitalala. Ukiwa AS, kaa na daktari anayejua mambo hayo mzungumze kabla hujaamua, na ukienda, mwongozaji ajue siku ya kwanza, siyo siku ya tisa. Maumivu ya kushoto yakianza, unashuka saa hiyohiyo.

Jingine la mwilini mwako nalijua mimi tu. Ulipokuwa darasa la pili ulipewa Septrin, ukatoka vipele mpaka kwenye kope. Hiyo ni dawa yenye salfa. Vidonge wanavyotumia watu wengi kusaidia mwili kuzoea mwinuko, Diamox, navyo viko kwenye ukoo huohuo wa salfa. Si kila anayekataliwa na Septrin hukataliwa na Diamox, lakini usivinunue dukani kwa kusikia kwa wenzako. Mwambie daktari habari ya Septrin, na kama atakupa, ujaribu ungali Dar, karibu na hospitali. Usije ukakimeza cha kwanza Namche usiku.

Umesema utakuja kutuaga wiki moja kabla ya kuondoka. Njoo, ila utalala ndani ya chandarua kila usiku, hata kama joto linakuudhi. Mbu akikuuma hapa, homa inaweza kuanza baada ya wiki moja, mbili, hata zaidi, na hesabu hiyo inakukuta uko Dingboche. Sisi watu wa kanda hii kichwa kikiuma tunasema malaria. Huko ni kinyume chake: kichwa kikiuma, tumbo likikataa chakula, usingizi ukigoma, ujue ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Usimeze Panadol ukaendelea kupanda. Unabaki ulipo, na hali ikizidi unashuka. Lakini ukipata homa kali na kutetemeka, sema wazi kwamba umetoka nchi yenye malaria, maana mganga wa milimani hatalifikiria hilo haraka. Pale Pheriche kuna zahanati ya Himalayan Rescue Association ambayo hufunguliwa misimu ya watalii, na madaktari wake hutoa mafunzo kuhusu mwinuko. Nenda ukawasikilize hata kama hujisikii vibaya.

Dalili za kukimbia nazo ni hizi, na uwaambie wenzako pia. Mtu anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, kifua kinakoroma: maji yameingia mapafuni. Mtu anaongea visivyoeleweka, anayumba kama mlevi: ubongo umevimba. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ni kushuka, hata kama ni usiku, na hatembei peke yake. Hakuna dawa inayoshinda kushuka.

Kundi ni jambo jema, mwanangu, lakini kundi lina aibu zake. Madaktari waliofanya kazi milima hiyo wamesema sana kwamba watu wa makundi huficha maumivu. Mtu anaogopa kuwachelewesha wenzake, ratiba imeshapangwa, anajiambia kesho itakuwa nafuu. Na wewe umebeba zaidi ya aibu ya kundi. Shangazi yako wa Ukerewe ametuma mchango, kwaya imekuombea, mjomba pamoja na maneno yake yote ameshatangaza sokoni Kirumba, na bendera umeshainunua. Najua ulivyo. Utaona bora uzimie kuliko kurudi na bendera ambayo haikufika.

Kumbuka baba yako alipokuwa nahodha wa mtumbwi wa dagaa. Kuna jioni ya giza, karabai zimejazwa mafuta, vijana wameshakaa kwenye nafasi zao, wameshatoka kabisa kuelekea maji makubwa. Akaangalia mawingu upande wa Ukerewe, akageuza. Mwenye mtumbwi alimtukana mbele za watu pale Mwaloni, kwa mafuta na kwa posho za vijana. Na usiku ule haikutokea dhoruba yoyote. Mitumbwi mingine ilirudi asubuhi imejaa dagaa. Nilimuuliza kama anajuta, akasema hapana, kwa alichokiona saa ile angegeuza tena. Mwongozaji wako akikuambia geuka, geuka hivyohivyo, bila kungoja upewe ushahidi kwamba alikuwa sahihi. Na kama mwongozaji anasema twende wakati mwili wako unasema hapana, sikiliza mwili.

Shangazi yako nimeshaongea naye. Amesema mwenyewe, "Mimi nilichangia mtoto aende na arudi." Bendera utaipigia picha Namche, na tutaiweka ukutani.

Halafu kuna wapagazi. Wewe umeona wa Kilimanjaro, unajua mzigo wao umewekewa kikomo cha kilo 20. Huko uliza mapema kila mpagazi anabeba kilo ngapi, analala wapi, ana nguo za baridi, ana bima. Wengi wao wanatoka vijiji vya chini, mwinuko unawaumiza kama utakavyokuumiza wewe, na mpagazi akisema kichwa kinamuuma anaweza kukosa ujira wa siku. Wewe zungumza nao. Ukimwona mmoja amekaa kimya, hataki kula, mwambie mwongozaji. Punguza na begi lako; huhitaji viatu jozi nne.

Msafara wa yaki, wale ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, ukipita, simama upande wa mlima, usisimame upande wa korongo. Na kuta za mawe yaliyochongwa sala zao, zipite zikiwa mkono wako wa kulia, ndivyo wenyeji wanavyoheshimu.

Bima hakikisha inalipia helikopta mpaka mita 6,000. Nitumie karatasi niisome.

Saa za huko zimetangulia zetu kwa saa mbili na dakika 45. Ninyi mkimaliza chakula saa mbili usiku, huku ni saa kumi na moja na robo jioni, natoka kumpa Masanja dawa, simu ninayo mkononi. Mtandao ukiwepo niandikie vitu vitatu tu: umelala mita ngapi, kichwa kinauma au hakiumi, umekula nini. Usipoandika siku moja sitapiga kelele, najua kuna sehemu mtandao unakatika. Lakini usiniandikie "niko poa" kama hauko poa.

Nasubiri majibu ya kipimo. Piga picha karatasi yenyewe, usinisimulie.

Baba yako anakusalimu, anasema soksi za sufu atakununulia yeye.

Mama yako