Mama anauliza kama meli hukatika

Kizota, Dodoma
Jumapili, saa tatu usiku

Ndugu yangu Yoramu,

Mbukwa! Habari za maji mengi humo melini? Sisi huku wazima, watoto wanakua, upepo wa mwezi wa saba unatulisha vumbi na midomo imepasuka kama kawaida. Shemeji yako anakusalimu, na anasema lile deni la vitenge bado analikumbuka. Haya, salamu zimeisha.

Nakuandikia kirefu kwa sababu ujumbe wangu wa wiki tatu zilizopita una tiki moja mpaka leo. Najua mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Mkitia nanga mahali, hii itaingia yote kwa mkupuo. Isome ukiwa umekaa.

Jambo lenyewe ni Mama. Alhamisi nimeinama nakata chuma, naona miguu ya mtu mbele yangu. Ametoka Hombolo na daladala ya asubuhi, ana kiroba cha karanga. Akakaa kwenye lile benchi letu bovu, akanyamaza mpaka nikazima grenda. Kisha akauliza, "Elia, hivi meli ya mwenzako inaweza kukatika?"

Kumbe kijana wa Mama Neema amemwonyesha kwenye simu meli ya makontena imevunjika mgongo katikati ya bahari, omo, yaani mbele, inaelea huku, na tezi, yaani nyuma, kule. Nikamwambia, "Hapana, Mama, hayo wanatengeneza kwenye kompyuta." Nikaapa kabisa. Akashukuru, akaniachia karanga zote.

Unamjua Mama. Maji makubwa aliyoyaona maishani ni Bwawa la Hombolo. Akisikia meli, anafikiria mtumbwi wa wavuvi wa kambale ulioongezwa ukubwa kidogo.

Usiku nikatafuta ile picha, nikitegemea kukuta nimesema kweli. Wapi! Meli inaitwa MOL Comfort. Tarehe 17 Juni 2013 ilikuwa inatoka Singapore kwenda Jeddah, ikakatika vipande viwili kwenye Bahari yetu ya Hindi, mbali na pwani ya Yemen. Urefu wake mita 316, umri wake miaka mitano tu. Miaka mitano! Lile Fuso la Baba Tausi lina miaka thelathini na bado linabeba mchanga. Upande wa tezi ulielea siku kumi ndipo ukazama. Upande wa omo ulikuwa unavutwa, ukashika moto njiani, nao ukazama mwezi wa saba. Mabaharia wote 26 waliokolewa, na hilo nimeliweka akiba kwa ajili ya Mama.

Sasa kwa nini swali lake lilinichoma hivyo? Kwa sababu wiki ileile mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuvunja mgongo wa kontena la mtu.

Cheka tu. Dada mmoja wa Nkuhungu aliniletea kontena la futi ishirini, anataka duka. Akataka ubavu mmoja wote ufunguke, mlango wa kunyanyua juu, bidhaa zionekane tangu barabarani. Nikaona kazi ya siku mbili. Nikasoma kile kibao cha mlangoni: uzito wote kilo 30,480, na juu yake linaruhusiwa kubebeshwa kilo 192,000. Nikasema chuma hiki kitanishinda nini mimi? Mzigo wote huo unashuka kwenye nguzo nne za pembeni, na mimi nguzo sikuzigusa. Nilikata bati la ubavuni tu, lile lenye mikunjo, unene wake haufiki milimita mbili. Nikalikata lote, kutoka nguzo hadi nguzo, hapohapo karakana.

Jumatatu winchi ikaja. Ikalishika pembe nne za juu, ikanyanyua. Yoramu, kontena likatabasamu! Sakafu ikashuka katikati, boriti ya juu nayo ikaifuata, milango ya nyuma ikabana haifunguki wala haifungi. Dereva wa winchi alicheka mpaka akazima injini. Hadi leo lipo kwangu limekaa juu ya matofali, na fedha ya skwea paipu za kulinyoosha inatoka mfukoni mwangu. Kama ningelipeleka kwanza Nkuhungu, likae chini, ndipo nikate, labda nisingeaibika hivyo.

Nililidharau lile bati. Kumbe ndilo lililokuwa linaishika boriti ya juu na ya chini zifanye kazi pamoja. Ukiliondoa, umebaki na vyuma viwili vyembamba, kila kimoja kinapinda kivyake. Ni kama debe. Debe zima unalikalia bila wasiwasi. Lipasue ubavu ufanye hori la kuku, mtoto analikunja kwa mkono.

Basi usiku ule nikasoma jinsi meli zenu zinavyoundwa, nikajikuta nimekaa kitandani wima. Chombo unachokipanda wewe ni debe lililopasuliwa! Makontena yanashushwa tumboni kwa kreni, wima, kwa hiyo juu lazima kuwe wazi karibu urefu wote. Vile vifuniko vya mashimo vinalazwa tu, havichomelewi, havisaidii kuushika mwili wa meli. Na chombo chenyewe kina mita 400 kwa upana wa mita 61. Viwanja vinne vya mpira vimeungwa kwa urefu, halafu unakwenda kuvichezesha kwenye mawimbi.

Wimbi likipita katikati, tumbo linanyanyuliwa na ncha mbili zinaning'inia. Likisogea, ncha zinabebwa na tumbo linaning'inia. Hivyo usiku na mchana, miaka na miaka. MOL Comfort, wachunguzi walisema bamba za chini ya tumbo, pale katikati, ndizo zilizojikunja kwanza. Kontena langu lilipinda kwenda chini, ile meli ilipinda kwenda juu. Ndugu moja.

Na wimbi likija kwa mshazari ndiyo balaa, maana omo linasukumwa huku na tezi kule, meli inakamuliwa kama nguo ya kufuliwa.

Sasa dawa yao ndiyo iliyonifurahisha, nikaona hawa ni mafundi wenzetu. Kwa kuwa juu hawawezi kuziba, wanatia nguvu kwenye kingo. Kile kizingiti kirefu kinachozunguka mashimo wanakiunda kwa bamba za milimita 80, na nyingine zinapita hapo. Nimepima kiganja changu: milimita 83. Mimi nahangaika na bati la milimita mbili lisitoboke, wewe unapita kila asubuhi kando ya chuma kinene kama upana wa kiganja! Tena unene huo una ugonjwa wake. Ufa ukianzia kwenye mshono wa kuchomelea, chuma nene kinaweza kuuacha ukimbie moja kwa moja. Kwa hiyo wanatafuta chuma cha aina inayosimamisha ufa, na mahali pengine wanapishanisha mishono, wa juu usikae sawa na wa chini, ufa ukija ukute ukuta. Kama tofali tu! Mwalimu wetu pale VETA aliposema "pishanisha" tulidhani anatujazia muda.

Na nyumba yenu ya kulala nimejua kwa nini iko mbele, mbali na bomba la moshi. Zamani vyote vilikuwa nyuma pamoja. Siku hizi wanavitenganisha, nahodha aone mbele hata makontena yakipangwa juu sana, na pale chini ya nyumba meli inapata kipande kilichozibwa kinachoisaidia isikamuliwe. Debe wamelifunga mkanda kiunoni.

Shemeji yako anasema nimekuwa mgonjwa wa meli. Ni kweli nimezidisha. Jana nimempigia hesabu Sele mpaka akaondoka bila kuaga: meli inayobeba makontena 24,000 ya futi ishirini, ukiyapanga barabarani moja nyuma ya jingine, unapata kilomita 146. Yaani uanzie hapa Dodoma, upite Kibaigwa, mpaka Gairo ununue viazi, na mstari haujaisha. Yote hayo yako mikononi mwa watu ishirini na kitu ambao hawajazi Coaster. Na alianza nani? Mtu wa malori, Mmarekani, Malcom McLean, mwaka 1956, na meli iliyobeba makontena 58. Hamsini na nane! Hayo mimi nayahesabu hapo bandari kavu ya Ihumwa kabla ya chai.

Halafu ile injini ya Emma Maersk ya mwaka 2006, silinda 14, tani 2,300, inazunguka mara 102 tu kwa dakika. Mashine ya kusaga ya kina Baba Tausi inaizidi mbio. Nilitaka kukueleza zaidi kuhusu hiyo lakini wewe unaishi na mashine za namna hiyo, nitakufundisha nini?

Nirudi kwa Mama. Anakuja tena Jumapili ijayo baada ya ibada, na safari hii sijui nimwambie nini. Nimejaribu kupanga maneno. Nikimwambia meli haikatiki, nimemdanganya mara mbili. Nikimwambia ilikatika moja lakini vipande vilielea siku kumi, najua atakachosikia ni "ilikatika". Nilifikiri nimwambie kwamba baada ya ajali ile meli dada zake zilikaguliwa na kuongezwa chuma, na mwaka 2015 mashirika yanayokagua meli yalitoa masharti mapya ya nguvu za meli za makontena. Lakini Mama utamweleza mashirika? Ataniuliza kama hao wakaguzi nao wamo humo melini na mwanawe.

Kuhusu makontena kuanguka baharini sijamgusia kabisa, naomba na wewe usiguse. ONE Apus ilipoteza zaidi ya 1,800 kwa dhoruba moja mwaka 2020, kule Pasifiki. Akiisikia hiyo atakuja kukuchukua yeye mwenyewe.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Ukipata mtandao, usinijibu mimi kwanza. Mrekodie Mama sauti, dakika mbili, kwa Kigogo, umwambie unakula nini na unalala wapi. Mtumie kijana wa Mama Neema, maana ndiye aliyeanza, naye atembee mpaka nyumbani kwa Mama amsikilizishe. Habari za chuma niachie mimi.

Halafu nijibu haya. Ni kweli ukisimama kwenye ile njia ndefu ya chini ya sitaha, siku ya mawimbi, unaona mwisho wake unapanda na kushuka? Inapiga kelele ikijipinda, au unaisikia miguuni tu? Wewe kama fita, fundi wa vyuma wa meli, wanakuruhusu kugusa zile bamba nene, au mpaka mfike kwenye karakana ya meli? Wanazipasha moto kwanza kabla ya kuchomelea, si ndiyo? Mnapita Suez au mmezunguka Rasi ya Tumaini Jema? Nasikia wengi walizunguka huko tangu meli zianze kushambuliwa Bahari ya Shamu. Kama mmezunguka, mbona hukuniambia? Mkataba unaisha mwezi wa kumi au wamekuongezea tena? Na lile kontena langu, skwea paipu niipitishe juu chini ya boriti peke yake, au niweke na nguzo moja katikati hata kama yule dada atanuna kwamba inaziba bidhaa? Jibu hilo haraka, anapiga simu kila asubuhi.

Karanga za Mama nilisema sitazigusa mpaka nimwambie ukweli. Zimebaki nusu kiroba.

Wako,
Elia

Nyongeza: Sele amerudisha grenda. Diski kabaki nayo.