Moratoriamu ya mkopo haifuti deni

Mhariri,

Kila uchumi unapobana, neno moratoriamu hurudi magazetini, na msomaji huachwa akidhani deni limesamehewa. Moratoriamu husogeza mbele tarehe ya kulipa, basi. Deni liko palepale, na mkataba usiposema vingine, riba inaendelea kuhesabiwa.

Chukua mkopo wa Sh500,000 wa miezi 36, riba ya asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Mkopaji hulipa kama Sh18,076 kila mwezi. Akipewa miezi mitatu ya kupumua mwanzoni, na riba ikawa inajumlishwa kwenye salio kila mwezi, deni litafika Sh522,839 kabla hajalipa hata senti. Akihesabiwa miezi 36 mipya kuanzia hapo, atalipa karibu Sh18,900 kwa mwezi. Benki ikishikilia tarehe ile ile ya mwisho, inabaki miezi 33 na malipo yanaruka hadi kama Sh20,200. Hapa ndipo wengi hunasa: husaini upesi, simu za kudai malipo zikome, bila kuuliza kama mwisho wa mkopo umesogezwa.

Tangazo la redioni nalo halimkingi mtu. Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya iliporuhusu mikopo iongezewe muda hadi mwaka mmoja, nafuu hiyo ilikuwa ya waliokuwa hawana malimbikizo ya malipo kufikia Machi 2, tena mkopaji ndiye aliyetakiwa kuiendea benki yake na kuomba. Aliyekaa kimya akaacha kulipa alikuwa amevunja mkataba tu.

Kwa kampuni, moratoriamu ya Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina makali zaidi. Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi, yaani mtu anayeteuliwa kuiendesha inapolemewa na madeni, mdai hawezi kutwaa mali iliyo dhamana wala kuendeleza kesi dhidi ya kampuni bila idhini ya msimamizi au ya mahakama. Lakini mwavuli huo ni wa kampuni. Mkurugenzi aliyetia saini kama mdhamini binafsi (na benki nyingi hudai saini hiyo) anaweza kugeukiwa yeye, shamba lake likapigwa mnada huku lori la kampuni likiwa salama uani.

Anayeomba ahirisho apate barua inayotaja siku ya kuanza na ya kuisha, riba itajumlishwa vipi, malipo mapya ya kila mwezi, tarehe mpya ya mwisho, ada, na kama bima ya mkopo inaendelea. Mdhamini ahusishwe kabla, kwa maandishi. Na kama mkopo hukatwa kwenye mshahara, nakala ya barua ifike kwa mwajiri kabla orodha ya mishahara ya mwezi huo haijafungwa, la sivyo makato yataendelea kama kawaida na kuzidai pesa hizo zirudi ni kazi nyingine.

Mshauri wa mikopo,
Nakuru