Kisu cha resori kisidharauliwe

Bwana Mhariri,

Tarehe 2 Septemba 2010 alifariki Bob Loveless, mtengeneza visu Mmarekani, huko Riverside, California. Wengi wanaotengeneza visu kwa mkono bado wanafuata michoro yake. Sisi wa Lubumbashi tunamkumbuka zaidi kwa kisu chake cha kwanza. Alikuwa baharia, akaenda New York kununua kisu cha Randall, fundi aliyekuwa na jina, akaambiwa asubiri miezi kadhaa. Basi akachukua resori (springi ya bapa) ya gari la Packard kwenye rundo la magari mabovu, akaifua kwa moto wa jiko la meli.

Wateja wanaobetua midomo wakisikia neno "resori" wayajue hayo. Malori ya barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanatuachia chuma cha kutosha. Kinachoharibu visu vyetu ni haraka.

Resori ya zamani huficha nyufa, hasa karibu na tundu la buloni ya katikati. Ing'arishe, ipake mafuta ya taa, ipanguse mpaka ikauke, kisha inyunyizie unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yatarudi juu na kuchora mstari. Kipande hicho kitupe.

Kilicho kizima kipashe moto wa makala (makaa) mpaka sumaku isishike tena (karibu digrii 770), kisha kifukie kwenye majivu usiku kucha. Asubuhi lima (tupa ya kusugulia chuma) itakila bila shida. Matundu ya misumari ya mpini yatobolewe sasa, maana baada ya kukaza chuma, yaani kukifanya kigumu kwa moto na mafuta, ni kumaliza foreti (ncha za kutobolea) bure. Makali nayo yasichongwe hadi mwisho: acha unene wa milimita 1. Makali membamba hupinda au kupasuka yanapozamishwa.

Kukaza kufanyike jioni au kivulini. Juani rangi ya moto hudanganya, fundi akapitiliza, na chuma kilichopitiliza huvunjika kama biskuti. Sumaku ikishaachia, ongeza moto kidogo tu, hadi kama digrii 830, kisha zamisha kisu, ncha ikitangulia, kwenye mafuta yenye joto la digrii 50 hivi. Mafuta ya ngazi (mawese) yanafaa, ila Juni na Julai huganda, lazima yapashwe kwanza. Maji yanapasua. Mafuta ya vidanje, yaani machafu ya injini, yanakaza, lakini moshi wake ni sumu.

Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaona kazi imekwisha. Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kama kioo, na kikilala hivyo hadi kesho kinaweza kupasuka chenyewe. Kipeleke siku hiyohiyo kwenye furu (tanuri) ya mikate, digrii 200, kwa muda wa saa mbili. Kipoe, kisha kirudi kwa muda wa saa mbili tena. Chuma kilichosuguliwa kitageuka njano ya majani makavu. Kikiwa buluu kimerudi kuwa resori, na makali hayatadumu.

Baadaye Loveless alijulikana zaidi kwa kukata na kusaga bamba bila kulifua, kwa hiyo asiye na nyundo nzito asikate tamaa. Aliwazoesha wawindaji kisu ambacho mgongo wake unashuka polepole kuelekea ncha. Ncha hiyo ni imara, na mtu akichuna mnyama haitoboi tumbo. Mkia wa kisu (sehemu inayoingia kwenye mpini) aliupunguza unene kuelekea mwishoni, ili mpini usiwe mzito. Katikati ya mkia pasagwe kidogo zaidi, la sivyo mbao za mpini hazitakaa sawa na mwanga utaonekana kati yake. Mulombwa ni mti mzuri kwa mpini, mradi uwe mkavu kabisa. Mbichi utasinyaa na chuma kitachomoza kando. Misumari iwe ya waya wa shaba, ambao hapa haukosekani, ila usitoke kwenye kabo ya umeme ya mtaa!

Mnunuzi naye asitazame mng'ao. Aombe fundi akandamize makali kidogo kwenye fimbo ya shaba ya njano, yainame na kuachiwa. Yakimeguka, furu ilirukwa. Yakibaki yameinama, moto wa furu ulizidi, au kisu hakikukazwa kabisa. Yakirudi sawa, alipe bila kubishana bei.

Mafundi visu,
Komini ya Kenya, Lubumbashi