Barua kwa mwanangu: jina lake lisitoke kwenye mahudhurio

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako zimefika. Umeuliza utamfundishaje mwanafunzi wako wa darasa la tano akiwa huku Dodoma kwa ajili ya kupandikizwa uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Mimi naanzia nyuma kidogo ya hapo. Kabla hujafikiria somo, hakikisha anabaki kuwa mtoto wa darasa lako. Hesabu atazifidia. Akishaamini kwamba wenzake wamemsahau, hata hizo hesabu hatazitaka.

Hospitali ya Benjamin Mkapa ya hapa Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu (sikoseli) mwaka 2023. Dawa kali zinaondoa uloto wa zamani, chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa zinashuka karibu na sifuri, na mtoto anakaa chumba cha peke yake kwa wiki kadhaa. Akiruhusiwa bado hawezi kuingia darasa la watoto sabini wanaokohoa. Mara nyingi inapita miezi sita, hata mwaka, mpaka kinga ijijenge. Kwa hiyo usipange mambo ya wiki mbili.

Anza na ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Asubuhi ukiita mahudhurio, msome na yeye, darasa zima liitikie, na simu yako iwe inarekodi. Kisha mtoto wa zamu aseme dakika mbili: nani kafunga goli, mwalimu gani kahama, mbuzi wa nani kaingia bustani ya shule. Dakika moja ya sauti ni kama KB 150 tu, kwa hiyo wiki nzima haifiki hata MB 5. Tena atasikiliza akiwa na nguvu. Dawa za maumivu zinamlaza, kutapika hakuna ratiba, na madaktari wakipita wodini kila kitu kinasimama. Ndiyo maana somo la moja kwa moja lisiwe mhimili wa mpango wako.

Hilo la moja kwa moja lifanye mara mbili kwa wiki, dakika 20, basi. Simu ya video hula takriban MB 5 kwa dakika, yaani kama MB 100 kwa kipindi, kwako na kwake pia. Bando la kwanza kuisha ni la mama anayemuuguza, kwa sababu kwa simu hiyohiyo anapigia nyumbani. Omba kamati ya shule imnunulie laini ya pembeni ya masomo tu.

Tumia kile kishikwambi walimu mlichogawiwa baada ya sensa ya 2022. Kiweke kwenye stendi, mita mbili hivi kutoka ubaoni, kimo cha macho ya mtoto aliyeketi. Madirisha yawe nyuma ya kamera. Ikitazama dirisha, kwa jua la huko Mpwapwa kamera inapunguza mwanga na ubao unakuwa giza tupu. Hata ukikiweka vizuri, chaki haisomeki kwenye video, kwa sababu mtandao ukilegea picha inabanwa na herufi zinayeyuka. Usihangaike nayo. Andika herufi kubwa, piga picha ya ubao kabla hujafuta, uitume kama faili, maana ukiituma kawaida WhatsApp inaipunguza ubora.

Sauti ndiyo inayoua vipindi vingi. Mvua ikipiga bati hasikii neno. Nunua maikrofoni ya waya ya kubana kwenye kola, na mwanafunzi akiuliza swali, lirudie wewe kwa mdomo wako. Mgonjwa wetu avae hedifoni, la sivyo sauti yako itatoka kwenye simu yake na kukurudia darasani kama mwangwi. Chaji kishikwambi usiku, na uwe na pawabanki ya mAh 10,000. Umeme hauna miadi na kipindi chako.

Huku wodini, kava la mpira la simu yake litolewe kabisa, linaficha uchafu. Kifaa kifutwe kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70 kabla ya kuingia chumbani. Kitambaa kiwe na unyevu tu, wala spiriti isimwagwe moja kwa moja ikaingia tundu la chaja. Madaftari yaliyoshikwa na watoto sabini msiyalete. Yapigeni picha. Na mama amwambie nesi mapema mtoto anaandika kwa mkono upi, ili kanula ya dripu ikiwezekana iwekwe mkono mwingine. Hilo dogo linasahaulika, kisha tunashangaa mtoto haandiki.

Kamera yake asilazimishwe kuiwasha. Nywele zitatoka, uso unaweza kuvimba kwa dawa, na vidonda vya mdomoni vitafanya kuongea kuwe mateso. Aandike tu, umsomee darasani. Wanorwe waliounda roboti ndogo iitwayo AV1 walilielewa hili vizuri: inakaa kwenye dawati, mtoto aliye kitandani anaona darasa na kuongea kupitia kwayo, akitaka kunyoosha kidole taa ya kichwani inawaka, lakini darasa halimwoni yeye. Roboti hiyo hatunayo, ila utaratibu wake unawezekana kwa kishikwambi chako.

Ridhaa ya mzazi ichukue kwa maandishi, na umuulize mtoto mwenyewe wenzake waambiwe nini kuhusu ugonjwa wake. Habari za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha yake ya wodini isiingie grupu la wazazi, hata kwa nia ya kuomba michango.

Mipango hii haifi kwa kukosa vifaa, mwanangu. Inakufa mwezi wa pili, mwalimu mmoja akiumwa au akiitwa semina. Mfundishe mwenzako mapema, na bandika ukutani orodha ya zamu ya watoto, ili siku ikirukwa wao wenyewe wapige kelele.

Kabla ya Ijumaa nitumie picha ya darasa ikionyesha madirisha na soketi, nikuelekeze stendi ikae wapi. Na uniambie mtandao gani unashika vizuri hapo shuleni, ili mama yake anunue laini ya mtandao unaoshika hapo na huku wodini pia.

Mama yako