Mafundi wenzangu, bisibisi si ya kutolea tairi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi na sijaona mtu akiliandika. Mimi ni fundi baiskeli hapa Lushoto, kazi yangu kubwa ni hizi maunteni baiki za gia, za vijana wanaotembeza wageni kule Irente na Magamba, pamoja na za mtumba ambazo siku hizi zimejaa kila mtaa. Na kwa kweli pancha zenyewe hazinisumbui, pancha ni kazi ya dakika chache, kinachonisumbua ni bisibisi.

Majuzi kaja dogo mmoja na baiskeli yake juu ya keria ya Noah kutoka Mombo. Alichomwa na mwiba wa mgunga kule chini, akapeleka kwa fundi wa barabarani, tairi ikawa ngumu haitoki, jamaa akachukua bisibisi mbili bapa akaanza kung'oa. Nilipoijaza ile tyubu na kuizamisha kwenye beseni, tundu la mwiba lilikuwa moja tu, dogo kama la sindano, halafu pembeni yake kukawa na mengine manne, mawili mawili yameongozana, hayo ni ya ncha ya bisibisi. Nikageuza ringi kwenye mwanga nikapitisha kidole pale ukingoni, alminiamu imeng'ata ndani kama imetafunwa na panya, inameta nyeupe, na ile ringi breki zake ni za raba, kwa hiyo kila ikizunguka raba inagonga pale, inashika inaachia inashika inaachia, sasa mteremko wa Soni kwenda Mombo ule utashuka na breki ya namna hiyo? Mwiba wa bure umemletea hasara ya tyubu na ringi.

Simlaumu sana yule fundi maana hata mimi nilianza hivyo hivyo, hakuna aliyenifundisha. Ila tukubaliane kitu kimoja, tairi ngumu haitolewi kwa nguvu. Ule mdomo wa tairi ndani yake kuna waya, na waya ule hauvutiki, hata mvute watu watatu hauongezeki urefu. Ukingo wa ringi umepanda kama milimita 5 au 6 juu ya pale waya unapokaa, kwa hiyo ili waya uruke ukingo upande mmoja lazima ulegee upande mwingine, na pa kulegea ni mahali pamoja tu, kwenye ule mfereji ulioko katikati ya ringi. Chungulia ringi yoyote utauona, katikati pamezama kuliko pembeni. Basi toa upepo wote, wote kabisa, kama ni valvu ile nyembamba ndefu legeza kale kanati ka juu ukabonyeze mpaka uishe, halafu shika tairi kwa viganja viwili uiminye kuelekea katikati, zunguka nayo gurudumu zima pande zote mbili, utasikia inaachia ringi, tap tap. Waya ukishashuka mfereji mzima unapata nafasi upande wa pili, na hapo liva moja, yaani kile kifaa cha kutolea tairi, inatosha kabisa kwa tairi ambayo mwenzako alikuwa anatolea jasho.

Na liva ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Liva za tairi za baiskeli ni vitu vidogo, vya plastiki ngumu, upana kama kidole gumba, ncha yake imelazwa na kuviringwa haina makali, na mkiani ina kindoano cha kushika spoki ili ikae yenyewe wakati unaingiza ya pili. Zinauzwa tatu tatu. Kwa ringi zinazobana sana zipo zenye chuma ndani na plastiki nje, hizo hazivunjiki na hazikwangui, mimi nazipenda kuliko zote. Za chuma tupu pia zipo, ila kwenye ringi ya alminiamu uende nazo taratibu. Na kama huna kabisa, mpini wa kijiko cha chuma kile kizito una afadhali mara mia kuliko bisibisi maana umeviringwa, unapinda ndiyo, lakini hautoboi. Ipo na nyingine ambayo mgeni mmoja aliniachia, kama mkasi wa plastiki mrefu, mguu mmoja unaukalisha kwenye ukingo wa upande wa pili wa ringi halafu kile kindoano kinanasa mdomo wa tairi kinauvuta juu mpaka unaingia, hiyo ni ya kurudishia tairi sio ya kutolea, na kwa ile sentimita kumi ya mwisho inayokataa katakata sijaona kifaa kinachoishinda.

Kwenye kurudishia ndiko tyubu nyingi zinakufa. Mtu kaziba pancha vizuri kabisa, kapiga msasa, solushen imekauka sawasawa, halafu anamalizia kwa bisibisi na tyubu imelala katikati ya chuma na ringi, akijaza upepo pshhh, anasema solushen mbovu. Jaza tyubu kidogo tu ikae duara isijikunje, anza kuingiza tairi upande ulio mbali na valvu na umalizie pale kwenye valvu, maana penye valvu tyubu inaziba mfereji, waya hauwezi kuzama pale, kwa hiyo ukianzia hapo umejinyima nafasi mwenyewe. Ikianza kukaza simama, usilazimishe, rudi mwanzo ukaminye tena waya uingie mfereji, halafu simamisha gurudumu na uvute tairi kwa viganja kuanzia chini kuja juu ukileta ule ulegevu kwako. Waya ukiwa unarudi nyuma kila ukisogea mbele, funga kipande cha mpira wa tyubu kukuu kuzunguka tairi na ringi pale ulipoanzia, inatulia. Mwisho paka sabuni ya maji pale panapobana, sabuni tu, sio grisi wala oili chafu maana hizo zinakula mpira, halafu sukuma kwa kiganja, ule mnofu ulio chini ya kidole gumba, sio kwa ncha za vidole. Ikishaingia sukuma valvu juu ndani ya tairi kisha ivute, ili tyubu isibaki imebanwa chini ya waya.

Kuna jambo ambalo sisi wenyewe tunajitengenezea ugumu, nimeliona kwenye baiskeli nyingi sana. Ile kata ya tyubu kukuu tunayovisha juu ya vichwa vya spoki ili visitoboe. Ikiwa pana na nene inajaza mfereji wote, wengine wanaweka na mbili, halafu tunashangaa tairi haiingii! Mfereji umeshaujaza, waya utazama wapi? Weka utepe mwembamba unaolingana na upana wa mfereji. Nimeshawahi kupokea gurudumu limeshinda mafundi wawili, nikatoa ile kata nikaweka utepe, tairi ikaingia kwa mikono mitupu na mwenye baiskeli amesimama anaangalia.

Na kabla hujasema tairi ni ngumu soma namba ubavuni, sio inchi peke yake. Maunteni za zamani za 26 zina 559, za 27.5 zina 584, za 29 zina 622, hizo ni milimita za kipenyo cha duara pale waya unapokaa. Kuna watu wanauziwa tairi ya 26 na ringi yao ni 27.5, tofauti ni milimita 25, hapo hata ulete liva za dunia nzima haitaingia, utaua tairi mpya bure. Ya 29 nayo wengine wanajaribu kuivisha kwenye ringi ya baiskeli ya Phoenix ya 28 kwa sababu 29 inasikika kubwa zaidi, wakati Phoenix ni 635, kubwa kuliko 622. Wenye maduka hili naomba mlijue, muulizeni mteja namba kabla ya kupokea hela yake.

Na ombi langu kwenu wenye maduka ni hilo hilo la liva. Tairi za maunteni mnazo, tyubu mnazo, solushen mnazo, lakini nimezunguka hapa na nimeshuka mpaka Korogwe kutafuta liva, naambiwa chukua bisibisi. Baiskeli zinazokuja siku hizi nyingi ringi zake zimetengenezwa kubeba tairi zisizo na tyubu, pale pembeni pa kukalia waya pamenyanyuka kidogo ili upepo usitoke, kwa hiyo hata ukiweka tyubu zinabana kuliko hizi tulizozizoea, na zitazidi kuja tu. Liva haichukui nafasi dukani, zitundikeni pale pale kwenye tyubu, mtu akinunua tyubu aone na kifaa chake. Na vyuo vya ufundi vinavyofundisha magari na pikipiki, jamani wekeni hata wiki moja ya baiskeli, vijana wengi wanakula kupitia hiki chombo.

Mimi za kwangu zimetundikwa mlangoni, mbili za plastiki na moja yenye chuma ndani. Fundi yeyote anayepita Lushoto akitaka kuziona au kuzijaribu kwenye gurudumu lake aje tu, simtozi kitu, na gurudumu la kujifunzia nitampa.

Fundi baiskeli,
Lushoto, Tanga