Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo: kabla ya kompyuta nyingine

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka darasani. Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja pembezoni mwa Kampala, lugha ambayo Baraza la Mawaziri mwaka 2022 liliamua iwe somo la lazima, msingi hadi sekondari. Kwa hiyo hutashangaa nikikuandikia kwayo.

Muhula uliopita nilipata zamu ya chumba cha kompyuta. Mashine zinazowaka 12, wanafunzi 84. Kila mashine ikazungukwa na watoto 7: mmoja kashika kipanya, wawili wanamwamrisha, wanne wanatazama visogo vya wenzao. Nilikuwa nimeandaa slaidi za ngeli, nimekesha nazo. Wakazinakili daftarini vilevile wanavyonakili ubaoni. Somo lilikuwa lile la siku zote, tofauti ni bili ya umeme.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika. Nikawagawia vipande vya maboksi ya sabuni vyenye maneno, nikawaambia wayapange wenyewe. Kelele! Kundi moja liliweka "ukuta" na "ugali" pamoja, msichana mmoja akakataa: mbona kuta zipo, lakini gali hazipo? Wakabishana hadi kengele ikalia. Swali hilo sikulipanga, na slaidi zangu zisingelizaa.

Sisemi kompyuta hazifai. Wanafunzi wangu wengi lugha yao ya nyumbani ni Kiganda, na humo "r" huandikwa baada ya "e" na "i", kwingine ni "l". Masikioni mwao sauti hizo ni moja. Ndiyo maana wananchi huenda "kupiga kula", na mahari ya bibi harusi hugeuka mahali. Mwenzangu wa somo la kompyuta alinitengenezea zoezi dogo: mtoto anavaa hedifoni, anasikia neno, anachagua, anaambiwa papo hapo kama amekosea. Mimi nikirudia mara ya kumi nakunja uso, na darasa zima linacheka. Mashine haichoki wala haimcheki mtu. Hapo imenishinda, nakubali.

Mwaka 1983 mtafiti Mmarekani, Richard Clark, alifananisha vyombo vya kufundishia na lori linaloleta chakula dukani: lori halibadilishi lishe ya mlaji. Sisi tunaoona matoke yakishushwa kila alfajiri tunamwelewa, ingawa nadhani alizidisha kidogo. Peru iligawa maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikuona maendeleo katika hesabu wala lugha. Delhi nako, watoto waliotumia programu inayopima kwanza kiwango cha kila mmoja, kisha kumpa maswali ya kiwango hicho, walisonga mbele katika hesabu na Kihindi. Vyote viwili ni kompyuta. Kilichotofautiana ni kazi aliyopewa mtoto.

Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 unadai hilohilo: mwanafunzi atende, na asilimia 20 ya alama za mwisho itokane na kazi zake za shuleni. Lakini kuhusu kompyuta tunaulizwa zipo ngapi na nzima ni ngapi. Mimi sijawahi kuulizwa mtoto anazifanyia nini kwa dakika 40.

Naomba mambo mawili. Kabla shehena nyingine haijashushwa, walimu wa kila somo wapewe siku za kukaa na mashine hizo na kuamua wenyewe ni mada gani zinazihitaji na zipi zinataka maboksi ya sabuni. Halafu mkaguzi anapokuja, asiishie ofisini kwa mkuu wa shule. Aketi nyuma ya darasa, kipindi kizima.

Changu na kidato cha kwanza ni Jumatano asubuhi, cha pili. Benchi lipo. Hedifoni ni tatu, moja inasikika upande mmoja tu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili